Kadi ya Picha Iliyofungwa Utepe

Kashaulili, Mpanda
Jumapili jioni

Mwanangu Skola,

Umetoka tena kwenda kuaga, na najua ukirudi utakuwa umelishwa wali kwa watu na kupewa wosia mwingine. Kwa hiyo mimi sitakwambia ufunge begi kwa kamba, wala usinunue mayai ya kuchemsha pale Kaliua, wala usimwachie mtu mzigo wako hata akiwa amevaa rozari shingoni. Hayo umeshaambiwa na kila mwanamke wa mtaa huu, na wengi wao hawajawahi kupanda treni. Mimi nina jambo moja tu, tena la kijinga. Ni la ile kompyuta iliyofunikwa kitenge kule kwenye chumba cha kuchapia.

Siku zote nimekwambia iliungua kwa umeme. Nilikudanganya. Umeme wa Mpanda una makosa mengi, na jenereta ya mji nimeitukana mwenyewe mara nyingi gizani, lakini hilo kosa si lake. Iliuawa mchana kweupe, mbele ya kwaya, na waliohudhuria walipewa soda.

Ulikuwa Tabora shuleni, kidato cha tatu. Uliporudi likizo ulikuta kitenge juu ya mashine na mama yako amerudi kwenye taipureta. Ukaniuliza, nikakujibu umeme, huku nachambua mchele nisikutazame. Ulisikitika kweli. Ukasema, mama, kwa nini usimwandikie baba mdogo aje aitengeneze? Nilisema baba mdogo ana kazi nyingi, nikaenda kumwaga mapumba nje ili nipumue.

Unakumbuka mashine ilivyotufikia. Yule mzungu wa visima alipomaliza muda wake alikipa kikundi chetu cha akina mama kompyuta yake na printa yake ya rangi. Watu mpaka leo wanasema alitupenda. Hakutupenda, mizigo ilikuwa mizito. Kikundi kilikuwa na wanawake wengi na mchapaji mmoja, ambaye ni mimi. Wengine wote walikuwa wajumbe. Nilichapa malalamiko ya wakulima wa tumbaku wa Inyonga asubuhi, na mchana nikachapa majibu ya waliolalamikiwa, meza ileile. Kila Jumamosi nilifungua kifuniko cha mashine kwa bisibisi nikapuliza vumbi, maana vumbi letu hapa linaingia hata ndani ya yai. Ndivyo nilivyokuja kuyajua matumbo yake. Hakuna aliyenifundisha.

Ugonjwa ulianzia kwenye mialiko ya harusi. Bwana mmoja wa Kakese, aliyekuwa anamwoza binti yake, alikuja na mwaliko uliochapwa Tabora, una waridi jekundu na njiwa wawili. Akataka wa kwake uwe hivyohivyo. Sasa kioo cha mashine yetu kilikuwa na rangi za kuhesabu, waridi lilitoka kama nyanya iliyokanyagwa, na ile programu ya kutengenezea mialiko ilikataa hata kufunguka. Iliandika kwamba kadi ya picha iliyomo ni ya zamani. Kadi ya picha ni kile kibao cha ndani kinachopeleka picha kwenye kioo, kina ukubwa wa kiganja, na upande mmoja kina safu ya meno ya rangi ya dhahabu yanayochomekwa kwenye mfereji wake. Kubadilisha ni kutoa cha zamani na kuweka kipya. Kwa watu wenye akili timamu ni kazi ya muda wa kuchemsha chai.

Lakini mwenyekiti wetu alikuwa Mama Kulwa. Unamjua, yule anayekamata kipaza sauti hata msibani. Alisema jambo kubwa namna hii linataka mtaalamu, na mtaalamu tunaye, tena ni wa ukoo wako, Mama Skola. Alimaanisha Deo, baba yako mdogo, mdogo wake marehemu baba yako. Ukoo mzima unajua kwamba Deo ni mtaalamu wa kompyuta huko Dar es Salaam. Unajua kwa sababu yeye mwenyewe aliuambia.

Deo akakubali kuleta kadi mpya, akaleta na sharti. Ifungwe kwa heshima. Maana yake awe mgeni rasmi.

Hapa ndipo ninapotaka uelewe watu uliokulia kwao. Kwetu sisi kitu hakianzi kufanya kazi kikiwa tayari. Kinaanza kufanya kazi kikishakatiwa utepe. Umesoma shule ya msingi ambayo choo chake kipya kilifungwa kamba muhula mzima tukimsubiri mheshimiwa, na nyie mkawa mnakwenda porini huku choo kinawatazama. Nimeona pampu ya maji imevikwa maua ya karatasi, wanawake wanaipita na ndoo kichwani kwenda mtoni, na mlinzi amewekwa asije mtu akaijaribu. Kuijaribu kabla ya mgeni ni utovu wa adabu. Ndiyo maana hakuna mtu Mpanda anayejua kama kitu kinafanya kazi mpaka wageni wote wameshakaa kwenye viti.

Deo alishuka kwenye treni amevaa suti kwenye jua lile. Kisanduku cha kadi kilikuwa kimefungwa utepe mwekundu. Alinikabidhi mimi nikilaze, kwa kuwa mashine ilikuwa kwangu, akasema, "Shemeji, kisifunguliwe mpaka kesho." Nikaitika.

Asubuhi nilikifungua. Niliutelezesha utepe polepole, nikafungua na mashine, nikatoa kadi ya zamani, nikaziweka mbili pamoja juu ya meza. Haikuhitaji shule. Meno ya ile mpya yalikuwa mafupi, pengo lake liko mahali pengine, na yalikaa mbali na pale yanapotakiwa kukaa. Niliisogeza kwenye mfereji, ikagoma. Nikajaribu mfereji mwingine, ikagoma. Ilikuwa kadi nzuri, inang'aa, ya mashine mpya ambazo sisi hatukuwa nazo. Mtu aliyeuziwa dukani hakuuliza na aliyeuza hakujali. Mtoto anayejaribu ufunguo wa jirani kwenye mlango wao angejua.

Nikaenda kwa Mama Kulwa. Alikuwa anapanga viti.

"Mama Kulwa, ile kadi haiingii."

"Haiingii wapi?"

"Kwenye mashine. Ni ya mashine nyingine."

Alinitazama kama niliyemmwagia maji kwenye unga. "Soda zimeshafika," akasema. "Kwaya imeshatoka Kakese, iko njiani. Sasa unataka mgeni nimwambie nini?"

"Mwambie haiingii."

"Mwambie wewe. Si shemeji yako?"

Nikarudi nyumbani. Nikakifunga kile kisanduku vilevile, nikaurudisha utepe, nikaunyoosha kwa kucha usionekane umeguswa. Risala nilishaichapa tangu jana yake. Ilisema tunamshukuru mgeni rasmi kwa kadi hii ambayo imekwisha kutuletea mwanga. Imekwisha kutuletea. Hicho ndicho kitu cha mwisho mashine ile ilichochapa duniani, na nilichapa mimi.

Walikuja wote kwangu. Deo alichelewa kama inavyotakiwa. Akahutubia, akasema dunia sasa imekuwa kijiji, akasema kompyuta ina ubongo, ina moyo na ina figo. Ile mashine nimeipuliza vumbi kila Jumamosi na figo sikuwahi kuiona. Akakata utepe, akainua kadi juu, watu wakapiga makofi. Akaiinamia mashine akaichomeka, ikagoma. Akaigeuza, ikagoma. Akatoa kitambaa akafuta jasho, akamnong'oneza mshereheshaji, na mshereheshaji akatangaza kwamba wakati mtaalamu anaweka mambo sawa, kwaya itatuburudisha.

Kwaya ikaimba kuta za Yeriko. Deo akamtuma mtu kwa fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara, na mtu yule akarudi na tupa.

Naomba ulione hili vizuri, Skola, kwa sababu unakwenda kulala chini ya paa lake. Alikaa kwenye kiti changu, kadi mpya magotini, akaanza kuyapiga meno tupa kama anayenoa jembe. Unga wa dhahabu ukadondokea kwenye suti. Wanakwaya walikuwa wanaimba na kukodoa macho. Alipoona imepungua akaiweka, ikaingia kidogo, akaikandamiza kwa kiganja na uzito wake wote, na nikasikia ile bodi kubwa ya ndani inaalika kama kijiti kinachovunjika. Mimi nilikuwa karibu, nilisikia. Akasema, "Washa, shemeji."

Nikawasha. Feni ikazunguka kidogo, ikasimama. Ikaja harufu ya plastiki iliyokaribia moto. Kioo kikabaki cheusi.

Deo akanyanyua kichwa akaitazama taa ya darini, taa iliyokuwa inawaka vizuri kabisa, akasema, "Umeme wenu nyie ni mdogo. Kadi hii ina nguvu. Siku mtakayopata umeme wa kutosha, itawaka yenyewe."

Na hapo, mwanangu, mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Wengine wakampokea, kwaya ikadakia, watu wakasimama, soda zikafunguliwa. Hakuna sherehe iliyofana Kashaulili mwaka ule kama ile ya kuiua kompyuta yetu.

Kesho yake akaondoka. Nikarudisha kadi ya zamani, mashine haikusema kitu. Bodi ilikuwa na ufa wa unywele, unaouona ukiielekeza kwenye jua. Kikundi kikakaa kikao, kikakubaliana kwamba ni umeme, na baada ya hapo kikundi chenyewe kikafa taratibu maana wajumbe hawakuwa na cha kujadili. Binti wa Kakese aliolewa bila njiwa. Sasa nasikia watu wanatishana redioni kwamba mwaka elfu mbili ukiingia kompyuta zote zitakufa. Yangu haikusubiri.

Nawadharau wote. Namdharau Mama Kulwa na viti vyake. Naidharau kwaya, maana waimbaji wale wana macho. Namdharau aliyetoa tupa, fundi mzima, bila kuuliza inakwenda kukata nini. Na usidhani najiweka pembeni. Dharau kubwa kuliko zote nimemhifadhia mtu mwingine, na nitamfikia.

Kidole changu cha mguu kisicho na ukucha, uliwahi kuniuliza ukiwa mdogo. Nikakwambia jembe. Ni viatu. Siku ya harusi yangu mama mkwe alinipa viatu vyeupe, vidogo, na mbele ya wifi zangu wote akaniuliza vimekaaje. Nikasema vimekaa vizuri, asante mama. Nikatembea navyo kutoka kanisani mpaka kwenye ukumbi, nikacheza navyo, nikasimama navyo kupokea zawadi, na kila aliyesema nimependeza nilimshukuru. Usiku baba yako alinivua viatu hivyo kwa kuvikata kwa kisu. Alinitazama akauliza kwa nini sikusema. Nilidhani siku hiyo nimejifunza. Kumbe nilikuwa nimefanya mazoezi.

Maana baada ya kuondoka Deo aliandika kuuliza kadi yake inaendeleaje. Nikamjibu kwamba umeme umetengemaa na kadi inafanya kazi vizuri sana, tunashukuru. Barua hiyo niliiandika kwa mkono, Skola. Mtu mwenye chembe ya akili angejiuliza kwa nini mchapaji mwenye kompyuta nzima anaandika kwa mkono. Yeye hakujiuliza. Alijibu kwa furaha, na nasikia huko Dar anasimulia kwamba yeye ndiye aliyeleta kompyuta Mpanda.

Matokeo yako yalipotoka nikatazama huku na huku, sikuona mtu mwingine. Nikamwandikia tena, nikamsifia tena kadi yake, nikamwomba akupokee nyumbani kwake akufundishe kwenye kile chumba chake anachokiita chuo. Akajibu, "Mlete. Nitamfanya kama nilivyowafanya nyie." Nilisoma maneno hayo nikashangilia. Baadaye ndiyo nikayasikia vizuri.

Kwa hiyo jua kwamba nafasi unayoikimbilia kesho sikuipata kwa sababu una akili, ingawa unazo. Niliipata kwa kusema kadi inafanya kazi. Na jambo la kwanza atakalokuuliza, kabla hujafungua begi, tena mbele ya mke wake na wanafunzi wake, ni kadi yake inaendeleaje.

Nilikuwa nimeshapanga cha kukufundisha useme. Ungesema inafanya kazi vizuri, baba mdogo, mama anakushukuru. Maneno machache, ungeyashika njiani hata ukisinzia. Jana nilikuwa nakuja kukwambia, nikakukuta sokoni na Mama Kulwa. Ulikuwa unamwambia kwa raha kwamba unakwenda kwa mtaalamu. Mama Kulwa akanitazama mimi juu ya bega lako, akatabasamu, akasema, "Msalimie. Mwambie kadi yake hatujaisahau." Na wewe ukacheka, ukasema utamwambia. Hukujua unachekea nini.

Nilisimama pale kwenye dagaa nikakuona miaka michache ijayo, una nguo nzuri, umekaa kwenye kiti, na mkononi una tupa. Niliogopa, mwanangu. Sijawahi kuogopa hivyo tangu tulipomzika baba yako.

Utajifunza kitu kwake, sikatai. Hata mjinga ana mashine, na mashine hazidanganyi, ukizitazama zinakwambia. Lakini katika nyumba ile kutakuwa na siku ambayo wewe utaona kitu hakiingii, na soda zitakuwa zimeshanunuliwa. Siwezi kukwambia siku hiyo ni rahisi. Mimi ilinishinda mara mbili nikiwa mtu mzima, na mara zote mbili nilikuwa najua.

Kadi iko mezani, chini ya karatasi hizi, na utepe wake. Meno yake utayaona yalivyo. Ukitaka kwenda kwa uongo wangu, iache hapohapo, nami nitakusindikiza stesheni na sitakuuliza kitu, maana uongo ni wangu na nafasi ni yako. Ukitaka kuibeba, ibebe. Anaweza kukurudisha. Akikurudisha, rudi. Taipureta ipo, mimi nipo, na tutatafuta chuo kingine ambacho hatuna undugu nacho. Aibu ya mtaa niachie mimi, nimeivaa siku nyingi na haina tena mahali pa kunibana.

Nakupenda, Skola. Neno hilo naliandika hapa kwa sababu mdomo wangu umezoea kukaripia, na kesho pale stesheni nitakukaripia juu ya begi mpaka treni iondoke.

Akikuuliza kadi yake inaendeleaje, mpe mkononi, umwambie haikuingia. Akikuuliza kama mama yako alijua, mwambie alijua tangu asubuhi. Na akikuuliza siku ile kigelegele cha kwanza kilipigwa na nani, usimfiche. Kilipigwa na mimi.

Mama yako